Kuomba shule ya famasi Marekani: PharmCAS, barua, intavyu na makaratasi yake yote

Kila mwaka ukikaribia mwezi wa saba maswali yanaanza, nina GPA (wastani wa alama za chuo) ya 2.8 nitapata kweli, nilirudia kemia ogania watanichukua, nina miaka 34 na watoto wawili si nimeshachelewa, na jibu langu huwa lilelile, kama masomo yao ya lazima umeyamaliza na makaratasi umeyatuma mapema basi nafasi ya kupata shule ni kubwa kuliko unavyodhani. Shule zilifunguliwa nyingi sana, ziko zaidi ya 130, alafu waombaji wakapungua, sasa hivi kuna shule zinatafuta wanafunzi kwa tochi. Kwahiyo usiumize kichwa na "nitapata?", umiza kichwa na "nitapata wapi, na huko nitamaliza?" maana kuna mtu anakubaliwa fasta, anashangilia, anakopa hela kibao, mwaka wa pili anaachwa njiani na deni linabaki palepale.

Kabla ya yote, kama wewe tayari ni mfamasia wa nyumbani soma hapa kwanza, usije ukarudia shule bure. Mwenye digrii ya famasi ya nje ya Marekani ana njia yake, anaomba cheti cha FPGEC (cha wafamasia waliosomea nje) pale NABP, chama cha bodi za famasi za majimbo, anafanya mtihani wa famasi wa FPGEE na ule wa Kiingereza wa TOEFL, anafanya saa za mafunzo za jimbo lake, alafu ndo anakaa kwenye mitihani ya leseni. Ishu iko kwenye urefu wa digrii, aliyemaliza kuanzia Januari 1, 2003 digrii yake lazima iwe ya mtaala wa miaka 5. Bachelor of Pharmacy ya Kenya ni miaka 5, ya Tanzania ni miaka 4, na mwaka wa internship hawauhesabu kama mwaka wa masomo. Ndo maana unakuta Mkenya na Mtanzania wamefika pamoja, wote walikuwa wafamasia, mmoja anasomea FPGEE na mwenzake anaanza upya PharmD, digrii ya ufamasia ya Marekani. Inauma ila bora uijue leo kuliko baada ya kulipia fomu.

Haya, twende kwenye PharmD yenyewe. Kwa kawaida ni miaka 4 baada ya angalau miaka 2 ya masomo ya awali, na shule nyingi hazidai uwe na digrii ya kwanza, unaweza kutoka komyuniti koleji moja kwa moja ukaingia. Kuna za miaka 3 ambazo mnasoma mwaka mzima bila likizo ya kiangazi, na kuna za miaka 6 zinazochukua mtu akitoka tu sekondari. Za miaka 3 zinavutia kwa sababu unaanza kulipwa mshahara mwaka mmoja kabla ya wenzako, ila kiangazi ndo muda ambao wengi wanafanya kazi kwenye famasi na kutengeneza jina, ukikikosa na una familia ya kulisha inakuwa mbio kwelikweli. Mimi kwa mtu anayefanya kazi usiku huwa simshauri.

Kuchagua shule

Fungua tovuti ya ACPE, hao ndo wanaotoa ithibati ya shule za famasi, cheki hadhi ya kila shule uliyoiandika. Kuna hadhi tatu, Precandidate ni shule mpya ambayo inapewa hadhi hiyo kabla haijaingiza wanafunzi, Candidate ni iliyo njiani, ina wanafunzi tayari ila haijatoa wahitimu, na Full ni iliyokamilika. Precandidate sio utapeli, ila wewe ndo unaenda kuwa wa kwanza kujaribiwa nayo na ada yake mara nyingi haina huruma kwa upya wao.

Alafu nenda NABP, wanatoa asilimia za waliofaulu NAPLEX, ule mtihani mkuu wa leseni ya ufamasia, mara ya kwanza, shule kwa shule. Angalia miaka mitatu mfululizo sio mmoja, mwaka mmoja unaweza ukadanganya. Na ukimaliza hapo tafuta kwenye tovuti ya shule yenyewe asilimia ya wanaomaliza kwa wakati, ACPE inawataka waitangaze, ingawa wengine wanaificha chini kabisa ya ukurasa kwa maandishi ya sisimizi. Hizi namba mbili zisome pamoja. Shule inaweza kujisifu watu wake wamefaulu NAPLEX vizuri kumbe walioanza darasa ni 100 na waliofika kwenye mtihani ni 70, wale 30 hawaonekani popote kwenye hiyo asilimia, na mkopo wao wanalipa kama kawaida.

Ada nayo. Shule ya serikali ya jimbo unaloishi kwa kawaida ni nafuu kuliko ya binafsi, na majimbo mengi yanataka uwe umeishi pale kama miezi 12 na uthibitisho unao, leseni ya gari, kodi ya mapato, mkataba wa nyumba. Mtu aliyeshinda green card mwaka jana na anahamahama majimbo kutafuta kazi ajue kila anapohama ile saa inaanza kuhesabu upya.

Masomo ya lazima

Hapa hamna mfumo mmoja, kila shule na orodha yake. Vingi vinafanana: kemia ya jumla mihula miwili na maabara yake, kemia ogania na maabara, baiolojia, anatomia na fiziolojia, maikrobaiolojia, kalkulasi, takwimu, uandishi wa Kiingereza, kuzungumza mbele ya watu. Tofauti zinakuja kwenye fizikia, baiokemia, uchumi, moja inataka nyingine haina habari nayo. Fungua Excel, shule ziwe safu za chini, masomo yawe juu, jaza kwa rangi umemaliza, unasoma, hujaanza. Utashangaa somo moja tu la mikopo mitatu (krediti za masomo, sio deni) linakufungia shule nne.

Mambo matatu ya kuulizia mapema kwa imeili, na jibu ulihifadhi: wanakubali C- au mwisho ni C, masomo ya sayansi yanachacha baada ya miaka mingapi (kuna wanaoweka kikomo na kuna wasiojali), na maabara za mtandaoni wanazipokea. Kama ulisomea nyumbani uliza pia kama masomo ya chuo cha nje yanahesabika kwenye masharti, maana kuna shule zinakubali digrii yako ila zinataka sayansi kadhaa uzirudie chuo cha Marekani.

PCAT isikusumbue, ule mtihani wa kuingilia shule za famasi ulifungwa Januari 2024 na haupo tena. Bado kuna watu wanauza vitabu vyake, hela yako kula nayo kitu kingine.

PharmCAS

Huu ndo mfumo wa pamoja, unajaza fomu moja inaenda shule zote ulizochagua. Kwa kawaida unafunguka kila mwaka karibu na mwezi wa saba kwa watakaoanza shule mwaka unaofuata. Tarehe za mwisho za shule zinatofautiana, nyingine hadi mwezi wa sita, na hapo ndo watu wanapopumbazwa. Shule nyingi zinapokea na kujaza nafasi kadri maombi yanavyoingia, kwahiyo anayeomba mwezi wa tisa anagombea darasa tupu na hela za ufadhili hazijaguswa, wa mwezi wa nne anagombea makombo. Tarehe ya mwisho ichukulie kama mlango unaofungwa, sio muda wa miadi.

Siku ya kufungua akaunti, kitu cha kwanza usianze insha, anza transikripti. Kila chuo cha Marekani ulichowahi kusoma hata somo moja, hata ulilolifeli, hata ulilosoma ukiwa hai skuli kwa ajili ya kupata mikopo ya chuo, transikripti yake rasmi lazima iende PharmCAS. Njia ya haraka ni kielektroniki kwa Parchment au National Student Clearinghouse, na unaambatanisha ile fomu yenye namba yako ya PharmCAS ili isipotee. Kabla hujaagiza ingia kwenye akaunti ya chuo uangalie kama una deni, faini ya maktaba ya dola 15 inaweza kushikilia transikripti wiki tatu na hakuna atakayekupigia kukwambia.

Transikripti za nje zinataka tathmini ya kampuni kama WES au ECE, na uagize ile inayochambua somo kwa somo sio ile ya jumla inayosema tu "digrii hii ni sawa na hii". Hii anza miezi mingi kabla, kwa sababu chuo chako cha nyumbani ndo kinatakiwa kutuma nakala moja kwa moja na wewe unajua mambo ya ofisi zetu, tafuta mtu wa kwenda kusimama pale dirishani.

Sasa kuingiza masomo, hii kazi inachosha mno ila ndo inayorudisha maombi ya watu. Kaa na transikripti mkononi, usijaze kwa kumbukumbu. Kama imeandikwa CHEM 1411 mikopo 3 na CHEM 1111 mikopo 1 ya maabara, ziingize mbili vilevile, usizijumlishe ziwe 4 kwa sababu kichwani mwako ni somo moja. Uliloacha katikati likapata W, liingize. Uliyorudia, ingiza zote mbili na alama zake zote mbili. Na hapa kuna kitu kinawashtua watu, PharmCAS inakokotoa GPA yake yenyewe na haina msamaha wa alama, hata kama chuo chako kilifuta ile F baada ya kurudia, wao wanaihesabu. Kwahiyo ukiona GPA yako ya PharmCAS iko chini kuliko ya chuo usianze kuandika imeili za malalamiko, ndo utaratibu wao.

Ukituma wanahakiki, inaweza kuchukua kama siku 10 za kazi baada ya kila kitu kufika, na wakikuta makosa makubwa wanakurudishia urekebishe alafu unarudi kwenye foleni. Kizuri ni kwamba huna haja ya kusubiri barua za mapendekezo zifike ndo utume, na ukishatuma kwa shule moja unaweza kuongeza shule nyingine baadaye. Mbaya ni kwamba ukishatuma insha haibadiliki, kosa la jina la shule litabaki pale milele, na lipo hilo, mtu anaandika "nina hamu ya kujiunga na shule fulani" kwenye insha inayoenda shule sita.

Barua za mapendekezo

PharmCAS inapokea hadi 4 na kila shule inasema inataka ngapi na za nani, wengi wanataka angalau mwalimu wa sayansi, na mfamasia akiwepo ni jambo zuri. Sio lazima awe mtu mkubwa, profesa mwenye jina anayekukumbuka kama namba kwenye orodha atakuandikia mistari sita ya barafu, wakati mwalimu wa maabara aliyekuona ukimwaga asidi ukasafisha bila kuambiwa ana la kusema. Mchungaji, mjomba, rafiki wa familia, waache kabisa, shule nyingi haziwataki.

Usimwingize mtu kwenye mfumo bila kumuuliza, anapata imeili ya kompyuta inamshtua. Muulize kwanza, na uulize hivi: "Mwalimu, je unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua nzuri ya shule ya famasi?" Hilo neno nzuri linampa mlango wa kukataa kwa heshima, akisitasita mshukuru uende kwa mwingine. Akikubali mtumie siku hiyohiyo wasifu wako, alama ulizopata kwake, tukio moja la darasani unalotaka alikumbuke, na tarehe. Watakuuliza kama unaachia haki yako ya kuisoma barua, achia, barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki sana. Imeili ikipotea angalieni kwenye spamu, wiki mbili zikipita mkumbushe, sio kumsumbua huko, walimu wanasahau.

Insha

Kikomo ni herufi 4,500 pamoja na nafasi, ni kama ukurasa mmoja na kidogo. Ukianza na "tangu nikiwa mtoto nilipenda kusaidia watu" msomaji ameshalala, hiyo sentensi ameisoma mara 40 wiki hiyo na pia nesi anapenda kusaidia watu, polisi naye hivyohivyo. Anachotaka kujua ni kwa nini dawa. Mtu mmoja nilimsaidia kusahihisha alikuwa na kurasa za sifa za taaluma, zote tukazifuta, tukabakiza bibi yake aliyekuwa anameza kidonge cha presha siku anayosikia kichwa kinauma tu, siku nyingine anakitunza kwenye kitambaa kisiishe, na jinsi mjukuu alivyomwelewesha kwamba presha haiumi. Pale pana mfamasia tayari, hajataja hata neno upendo.

Kama una doa, muhula ulioanguka, eleza kwa sentensi mbili au tatu, kilichotokea na ulichobadilisha, usitengeneze msiba. Na akili mnemba isikuandikie, fomu inakutaka uthibitishe kazi ni yako, na pia zinafanana mno, ukisoma tatu mfululizo unaziona.

Uzoefu

Hamna saa maalum shule nyingi zinazodai, ila mtu aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta ya famasi akatukanwa kwa sababu bima imegoma anaongea tofauti na aliyesoma kwenye mtandao. Kazi ya teknishani wa famasi minyororo mikubwa inafundisha yenyewe ukiwa kazini, cheti cha PTCB, bodi inayothibitisha mateknishani, kikiwepo ni bora zaidi. Kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ambayo wengi wetu tunaifanya, iandike, na uandike ulivyokuwa unafuatilia dawa zao, sio "nilifanya usafi na kupika" tu. Kuwa mkalimani wa Kiswahili hospitalini au kanisani kwa wakimbizi pia ni dhahabu, watu wanaidharau kwa sababu hawakulipwa.

Intavyu

Wanapoita wanaweza kukupa ya kawaida na walimu wawili, au MMI, ile iliyoanzia chuo cha McMaster Kanada. MMI ni vituo vifupi vifupi. Mlangoni pana karatasi, unapewa kama dakika mbili kusoma, mfano: mama anataka umwambie dawa anazochukua binti yake wa miaka 19, analia, anasema ana wasiwasi. Unaingia, mama yuko pale, muigizaji, anakuanzia palepale. Anayeingia akamkabidhi taarifa amekwisha kwa sababu binti ni mtu mzima na siri ni yake, ila anayesema tu "sheria hairuhusu" akakunja mikono naye hajafanya vizuri. Kaa chini, muulize kinachomtia wasiwasi, mwambie waziwazi usichoweza, alafu mtafutie unachoweza, kama kumshauri aongee na binti yake au waje wote wawili. Wanapima unavyofikiri na unavyomsikiliza mtu, sio farmakolojia, hawategemei uijue.

Kuna kitu chetu cha malezi pia kinatuponza. Tumefundishwa kujisifu ni aibu, kwahiyo mtu anaulizwa alifanya nini kwenye kikundi anajibu "tulifanya, tulisaidiana, Mungu akajalia", na anayeandika alama hana cha kuandika. Sema nilifanya. Macho muangalie anayekuhoji, pale haisomeki kama utovu wa adabu. Lafudhi yako iache ilivyo, ongea polepole inatosha. Na uwe na maswali yako, uliza mwaka jana wangapi walirudia mwaka na wanapewa msaada gani, wakijikanyagakanyaga kwenye jibu umepata jibu.

Hela na viza

PharmCAS inatoza shule ya kwanza bei kubwa na kila inayoongezeka bei ndogo, na shule kadhaa zina fomu zao za nyongeza zenye ada juu. Wenye kipato kidogo waombe msamaha wa ada, wanaangalia fomu za kodi, na misamaha ikiisha imeisha kwahiyo ni ya kuomba wiki za mwanzo.

Raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Zingatia mabadiliko haya, kuanzia Julai 1, 2026 mkopo wa serikali wa Grad PLUS, wa wanaosoma ngazi za juu, haupo kwa wakopaji wapya, na mkopo wa serikali kwa kozi za taaluma kama PharmD una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Shule ambayo ada na maisha vinapita hapo, pengo unaziba na mkopo wa benki wenye riba yake, kwahiyo piga hesabu ya miaka yote, sio ya mwaka wa kwanza.

Wa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, mkopo wa serikali haupo kabisa, na kabla ya kupewa I-20, fomu ya shule ya kuombea viza, utaonyesha hela za mwaka wa kwanza benki. Uliza mapema shule kama inachukua wanafunzi wa kimataifa, zipo zisizochukua na zinakula ada ya fomu vilevile kama hukuuliza.

Ukishakubaliwa

Soma barua yote. Kuna hela ya kushikia nafasi, angalia inarudishwa hadi tarehe gani, na kama unasubiri shule nyingine unayoipenda zaidi waandikie hao wengine uombe muda, mara nyingi wanatoa. Wanaotoa ofa na kukupa siku tatu za kujibu wana haraka yao, wewe huna.

Baada ya hapo linakuja rundo la ukaguzi wa rekodi za makosa, kipimo cha dawa za kulevya, transikripti ya mwisho, na chanjo. Chanjo ndo zinachelewesha watu wetu. Sindano tatu za homa ya ini B ratiba yake ya kawaida inachukua miezi sita, ukianza mwezi wa saba na shule inafunguliwa mwezi wa nane utaanza kuomba msamaha ofisini. Kadi ya kliniki ya utotoni ikipotea unaweza kupimwa damu kuonyesha kinga unayo. Na TB, wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, kile kipimo cha kudunga kwenye ngozi kinaweza kuvimba hata kama huna ugonjwa, wanakupeleka kwenye eksirei na maelezo marefu. Omba kipimo cha damu, QuantiFERON kwa mfano, BCG haikivurugi, na majibu yake upakie kwenye mfumo wa shule ukiweka nakala yako mwenyewe.